Tuhuma Dhidi ya Dawa: Zipimwe Kabla ya Kusambazwa



Mwezi Desemba 2019 ilizinduliwa kampeni ya chanjo ya Ebola iitwayo Umurinzi, na wilaya zilizolengwa kwanza zilikuwa Rubavu na Rusizi yetu. Miezi mitano kabla ya hapo, Waziri wa Afya wa Kongo alikuwa amejiuzulu, akiwa amepinga chanjo hiyo isiingizwe nchini mwake. Idhini ya Umoja wa Ulaya kwa chanjo hiyo ilitolewa baadaye, Julai 2020. Kwa mtu mwenye biashara Kamembe na jamaa Bukavu, swali lilikuwa la haki: mbona waziri wa ng’ambo aliipinga, na sisi huku tunapewa?

Kuuliza swali la namna hiyo si kosa. Sisi Polisi si wafamasia, wala hatutetei kampuni yoyote ya dawa. Kazi yetu inahusu ushahidi, na kwa upande huo tunapenda kueleza jinsi tuhuma inavyopimwa.

Zipo sababu za watu kuwa na shaka. Mwaka 1996, katika mji wa Kano nchini Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa mpya kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ikasema wazazi waliridhia kwa mdomo, na kwamba ugonjwa ndio ulioua, si dawa. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 katika mapatano na Jimbo la Kano, bila kukiri kosa. Hukumu ya mahakama kuhusu nani alisema kweli haikupatikana. Ridhaa ya mdomo, isiyo na karatasi wala shahidi, ni vigumu kuithibitisha na ni vigumu kuikanusha.

Karibu zaidi nasi ni mkoa wa Ituri, Kongo. Kuanzia Desemba 2014, watu walianza kufikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa shingo, uso na ulimi, wengi wao wakiwa watoto. Mwanzoni ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Lakini waganga waliuliza kila mgonjwa alikuwa amemeza nini, wakachukua vidonge vilivyosalia na kuvipeleka maabara. Ikabainika kwamba vidonge vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari. Waliopata madhara walizidi 1,000. Hapo tuhuma ilithibitika, na kilichoithibitisha ni vidonge vyenyewe pamoja na chombo vilimotoka.

Kinyume chake ni yaliyotokea Kenya mwaka 2014. Maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda, waliyopewa wanawake wa miaka 15 hadi 49, ilikuwa na homoni ya kuzuia uzazi, na wakaonyesha majibu ya maabara. Serikali ilikanusha. Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalijibu kwamba madai hayo hayana ushahidi, na kwamba kipimo cha kuaminika hutaka sampuli ya chanjo yenyewe, kutoka kifungashio ambacho hakijafunguliwa, katika maabara inayofaa kwa kazi hiyo. Tuhuma hiyo haikuthibitika. Hata hivyo hofu ilikwisha kuenea, ilhali pepopunda huua watoto wachanga.

Waswahili husema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika kazi yetu, lisemwalo huchunguzwa kwanza. Tunapopokea tuhuma tunauliza mambo manne. Nani aliliona jambo hilo kwa macho yake? Kitu chenyewe kiko wapi? Kimepita mikononi mwa nani tangu siku ya kwanza? Na anayetuhumiwa anajibu nini? Tuhuma ikikosa majibu hayo, hatusemi ni uongo. Tunasema bado haijathibitika, na hatumkamati mtu kwa sababu yake peke yake.

Kwa hiyo tunawaomba mambo yafuatayo. Nunueni dawa katika famasia iliyosajiliwa, na mdai risiti. Dawa ikiwaletea madhara, msiitupe kwa hasira. Mwoneni mganga haraka, mkiwa na boksi, vidonge vilivyobaki na risiti. Namba ya toleo iliyo kwenye boksi ndiyo huonyesha dawa ilikotoka. Mkiombwa kushiriki majaribio ya dawa, ombeni maelezo kwa lugha mnayoielewa, na msitie saini msichokielewa. Msiache dawa aliyowaandikia daktari kwa sababu ya ujumbe wa simu; mwulizeni yeye kwanza. Wala msimvamie muuza dawa anayeshukiwa: huenda hana hatia, na ikiwa anayo, vurugu zitapoteza vielelezo.

Sheria Namba 60/2018 kuhusu makosa ya mtandao inakataza kusambaza kwa makusudi uvumi unaoweza kuzua hofu. Haimwadhibu mama anayefika kwetu na boksi la dawa akisema, “Mwanangu alimeza hii, akakakamaa.” Huyo ni shahidi, nasi tutampokea kwa heshima.

Toeni taarifa kwenye kituo cha afya, kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Rwanda, kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda (RIB), au kwa Polisi iliyo karibu nanyi. Simu yetu ya dharura ni 112, na haina malipo.