Viazi vya kuoka bila karai la mafuta: jinsi sufuria ya umeme yenye hewa moto inavyofanya kazi

KIGALI — Katika maduka ya vifaa vya umeme ya miji yetu kimezoeleka sasa kifaa kinachofanana na ndoo nene ya chuma, chenye vifuniko viwili na safu ya vitufe upande wa mbele. Kifuniko kimoja ni cha kupikia kwa presha, kingine ni cha kukaushia chakula kwa hewa moto. Muuzaji huahidi kwamba kifaa hiki kitapika maharage, wali, nyama na hata viazi vyenye ganda kavu kama vya karai, bila karai lenyewe.

Ahadi hiyo haina uongo, lakini si kamili. Wengi walionunua kifaa hiki wanakijua kisa kinachofuata. Viazi hukatwa, hujazwa kwenye kikapu, kitufe hubonyezwa, na baada ya nusu saa hutoka vimeungua pembeni huku kati vikiwa vigumu, au vimelegea kama vilivyochemshwa. Kijitabu cha maelekezo aghalabu huwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kichina. Matokeo yake, kifaa kilichogharimu fedha nyingi hupandishwa juu ya kabati, na imbabura ya makaa hurudi kazini. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya kifaa hicho na namna ya kukitumia ipasavyo.

Vifaa viwili katika kimoja

Mwaka 2010 kampuni ya Philips ilionyesha mjini Berlin kikaangio chake cha hewa. Mwaka huohuo, nchini Canada, sufuria ya presha ya umeme iitwayo Instant Pot iliingia sokoni. Vilikuwa vifaa viwili tofauti: kimoja kilipika kwa mvuke na unyevu, kingine kwa ukavu. Mwaka 2018 kampuni ya SharkNinja ya Marekani iliviunganisha katika kifaa kimoja kiitwacho Foodi, na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo.

Jina la kikaangio linaweza kupotosha. Ndani ya kifuniko cha hewa hamna ukaangaji wowote. Mna waya unaopata moto na feni inayoisukuma hewa kwa kasi kuzunguka chakula. Kwa maneno mengine, ni tanuri dogo lenye upepo mkali. Upepo huo una kazi kubwa, kwani huondoa unyevu juu ya chakula na kuleta joto jipya mahali pake kila wakati.

Ganda kavu hutoka wapi?

Karibu sehemu nne kati ya tano za uzito wa kiazi ni maji. Maadamu uso wa kiazi una maji, joto lake haliwezi kupanda sana kupita kiwango cha maji kuchemka, hata kama hewa inayouzunguka imefika nyuzi 200 za Selsiasi. Nguvu yote hutumika kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Ganda huanza kujengeka pale tu uso unapokauka.

Wakati huo jambo la pili hutokea. Sukari na asidi za amino zilizomo katika kiazi huungana kwa joto kali na kuleta rangi ya dhahabu, harufu na ladha ya kitu kilichookwa. Badiliko hilo lina jina la mwanakemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912. Ndilo linaloipa ladha kahawa iliyokaangwa, mkate na nyama choma.

Jambo la tatu ni wanga. Kiazi kinapofika kati ya nyuzi 60 na 70, chembechembe za wanga hufyonza maji na kuvimba. Kiazi kikiiva kwanza kisha kikatikiswa, uso wake huchubuka na kufunikwa na ujiuji mwembamba wa wanga. Ujiuji huo ukipakwa mafuta kidogo na kukaushwa, hugeuka ganda. Kiazi kibichi chenye uso laini hakina ujiuji huo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kushindwa kwa wanaotumia kifuniko cha hewa peke yake: wanaruka hatua ya kuivisha.

Kwa nini presha ina faida zaidi nyanda za juu

Wakazi wa Kigali wana sababu ya ziada ya kuithamini presha. Mji huu uko mita zipatazo 1,550 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Musanze, penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, huchemka mapema zaidi. Kwa hiyo kiazi kilichomo kwenye sufuria ya kawaida huchelewa kuiva, hata maji yakitokota kwa fujo kiasi gani. Ndani ya sufuria ya presha mvuke hufungiwa, na joto hupita nyuzi 110. Dakika tatu hutosha kufanya kazi ambayo ingechukua robo saa.

Kuchagua kiazi

Si kila kiazi kinafaa. Kiazi chenye wanga mwingi na maji machache hutoa ganda zuri na kati yenye unga. Chenye maji mengi hubaki kimelowa. Nchini Rwanda, aina ya Kinigi, iliyopewa jina la tarafa moja ya Musanze, inasifika kwa sababu hiyo hasa, na wakaanga ifiriti huitafuta. Wanaonunua viazi vya Nyabihu, Burera, Rubavu, au vya Kabale na Kisoro ng'ambo ya mpaka, wanaweza kumuuliza muuzaji swali moja rahisi: je, kiazi hiki kikichemshwa hupasuka na kuwa na unga? Akijibu ndiyo, hicho ndicho.

Viazi visiwekwe ndani ya friji. Baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na viazi vya namna hiyo huwa vyeusi kabla ya kuwa vikavu. Mahali penye giza, ubaridi wa kiasi na hewa panatosha.

Hatua kwa hatua

Kwa watu watatu au wanne, andaa gramu 700 hadi 800 za viazi.

Kwanza, menya viazi na kuvikata vipande vya sentimita tatu hadi nne vinavyolingana. Visuuze kwa maji baridi.

Pili, mimina kikombe kimoja cha maji, yaani mililita 250, chini ya sufuria. Weka viazi ndani ya kikapu juu ya maji. Funga kifuniko cha presha, chagua presha ya juu, dakika tatu.

Tatu, muda ukiisha, fungulia mvuke mara moja. Tumia mwiko mrefu au kitambaa kinene, na uso wako uwe mbali na tundu. Usifungue kifuniko mpaka mvuke uishe kabisa.

Nne, mwaga maji yote yaliyobaki na ufute sufuria. Hatua hii husahauliwa sana. Maji yakibaki chini, feni itauzungusha mvuke wake, na viazi vitachemka badala ya kuoka. Viache viazi wazi kwa dakika tano ili vitoe mvuke wake.

Tano, vitie viazi kwenye bakuli pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta na chumvi. Vitikise mpaka kingo zichubuke. Ukipenda, ongeza pilipili manga au bizari. Kitunguu saumu kiongezwe dakika tano za mwisho, kwani huungua upesi na kuwa kichungu.

Sita, virudishe ndani ya kikapu, funga kifuniko cha hewa, weka nyuzi 200 kwa dakika 18 hadi 22. Baada ya dakika kumi vitikise. Vikijaa hata kulaliana kwa wingi, gawanya mara mbili, kwa sababu upepo usipopita hapana ganda.

Baadhi ya wapishi wanaochemsha viazi kwenye sufuria ya kawaida huongeza nusu kijiko cha chai cha magadi soda katika lita mbili za maji. Magadi hulegeza gundi inayoshikanisha seli za kiazi, na uso huchubuka zaidi. Njia hiyo ni nzuri, lakini isitumiwe chini ya presha, kwa kuwa povu linaweza kuziba njia ya mvuke.

Gharama

Karai la ifiriti huhitaji lita moja ya mafuta au zaidi. Njia hii huhitaji mililita 15 hivi. Kuhusu umeme, kifuniko cha hewa chenye nguvu ya wati 1,500 kikifanya kazi dakika 20 mfululizo hutumia nusu yuniti. Ukijumlisha hatua ya presha, mlo mzima hauzidi robo tatu za yuniti. Msomaji anaweza kuzidisha kiasi hicho kwa bei iliyo kwenye risiti yake ya Cashpower, kisha alinganishe na makaa ya siku moja.

Kifaa kichomekwe moja kwa moja ukutani. Waya mwembamba wa kuongezea, ulioshika pia pasi na jokofu, unaweza kuyeyuka.

Tahadhari za afya

Mafuta machache hayamaanishi kwamba hatari zote zimetoweka. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinavyopikwa kwa joto kali na ukavu hutoa kemikali iitwayo akrilamaidi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani linaiweka miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Hewa moto nayo huitoa, kama tanuri na karai. Kinga ni nyepesi: toa viazi vikiwa na rangi ya dhahabu, usingoje viwe vya kahawia.

Viazi vilivyokaa juani sokoni hadi kuwa kijani navyo viepukwe. Rangi hiyo huashiria kuwepo kwa sumu ya solanini, ambayo joto la jikoni haliiondoi. Kama ukijani ni mdogo, kata sehemu hiyo kwa unene. Kama umeenea, tupa kiazi.

Karai bado lina nafasi yake

Kikapu cha kifaa hiki ni kidogo. Nyumba ya Biryogo au Nyamirambo inayofuturisha watu kumi na wawili haitaweza kuwapakulia wote kwa wakati mmoja, na viazi vya awamu ya kwanza vitakuwa vimepoa na kulegea kabla ya awamu ya tatu kuiva. Siku hiyo karai litafaa zaidi. Lakini kwa mlo wa jioni wa familia ndogo, kwa mgonjwa aliyeshauriwa kupunguza mafuta, au kwa mwanafunzi anayeishi chumba kimoja pasipo mahali pa kuwashia makaa, sufuria hii yaweza kutimiza alichoahidi muuzaji, mradi viazi viivishwe kwanza, vikaushwe, kisha ndipo vipelekwe kwenye upepo.