Je, Wajua? 300 na 400 Huweza Kuwa 500

Kani ina ukubwa na ina mwelekeo. Watu wawili wanavuta mtumbwi kwa kamba ufukweni Busisi, wilayani Sengerema: mmoja kwa nyutoni 300, mwenzake kwa 400. Wakivuta upande mmoja, jumla ni 700. Kamba zao zikifanya pembe mraba, jumla ni 500. Wakivutana kinyume, inabaki 100 tu, kuelekea kwa mwenye 400. Hiyo ndiyo jumla ndogo kuliko zote.

Kanuni hiyo ya mivuto kinyume kupunguzana ndiyo inayolituliza Daraja la J.P. Magufuli (Kigongo–Busisi), lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025. Tazama minara yake ya katikati: kila kebo inayoshuka upande wa Kigongo ina pacha wake upande wa Busisi. Mivuto yao ya mlalo hufutana karibu yote. Unabaki mzigo wa kushuka chini, ambao mnara huukabidhi kwa misingi iliyo chini ya ziwa. Siku ukivuka, inua macho uwaone pacha hao.