Mjaluo wa Runinga na Watu wa Nyakach

Kwa miaka mingi, Mjaluo aliyejulikana kuliko wote katika runinga ya Kenya alikuwa Mkikuyu. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Mzee Ojwang' Hatari katika Vitimbi ya runinga ya taifa, alikimudu Kiswahili cha watu wa ziwani hata watazamaji wengi wakamdhania mzaliwa wa Nyanza. Alifariki Julai 2015. Wakati huo tayari kulikuwa na mwingine wa aina yake: Kazungu Matano, mtu wa Pwani, aliyevuma kwa jina la Captain Otoyo katika Papa Shirandula ya runinga ya Citizen, naye akitumia lafudhi ileile.

Ustadi wao haukuwa jambo dogo. Dholuo haina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo mzee aliyekua akisema lugha hiyo nyumbani huweza kulima "samba" na kueleza "sida" zake. Mwigizaji hodari huliteka sikio la mtazamaji kwa sauti hizo mbili tu kabla hajasimulia lolote. Ojwang' alikwenda mbali zaidi. Alikuwa baba mwenye nyumba, mwenye hasira na huruma, na watu walimpenda kwa utu wake. Tatizo ni kwamba waliomfuata wengi walichukua lafudhi, utu wakauacha.

Kilichobaki ni Mjaluo wa kukariri. Anakula samaki, anapenda Kiingereza kizito, anavaa nadhifu kuliko mfuko wake unavyoruhusu, na hachoki kujigamba. Mtazamaji wa Mombasa au Eldoret ambaye hajawahi kufika Kisumu anaweza kudhani amelijua eneo zima.

Majigambo hayo yana asili yake, na ni asili ya heshima. Katika sherehe za Wajaluo, mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane imeegemea chini, njuga za gara zimefungwa mguuni, na kwenye kidole cha mguu amevaa pete ya chuma anayogonga nayo ubao wa ala ili kushika mapigo. Kisha mtu anasimama, anatoa pesa, na muziki unanyamaza. Sasa ni zamu yake. Anajisifu, anamsifu rafiki, anawataja wakwe na kijiji chake, kwa mafumbo ambayo wasikilizaji wanayapima na kuyacheka. Desturi hiyo huitwa pakruok. Ina utaratibu, ina gharama, na anayejisifu ovyo hupoteza pesa na uso. Muziki wa ohangla umeirithi, na wa benga nao, kwa majina ya watu na vijiji yanayotajwa katikati ya nyimbo. Kichekesho cha runinga huchukua yale majigambo na kuiacha nje hadhira inayoyapa maana.

Katito, katika Nyakach, kaunti ya Kisumu, ni mahali pazuri pa kuona ni mengi kiasi gani mengine yaliyoachwa nje. Soko hili limekaa kwenye njia panda: barabara moja inatoka Ahero na kuendelea Sondu hadi Kisii, nyingine inachepuka kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Nyuma yake kuna uwanda wa Kano, wenye mpunga wa Ahero na mafuriko ya mto Nyando. Mbele yake ardhi inapanda ghafla hadi nyanda za juu za Nyabondo. Ziwa halipo mbali, na wavuvi wapo. Hata hivyo, wako Wanyakach wengi ambao riziki yao haijawahi kutoka majini.

Huko Nyabondo kazi inayojulikana ni kufyatua matofali. Vijana huchimba udongo wa mfinyanzi, huukanyaga na maji mpaka ulainike, huujaza kwenye kibao cha kufyatulia, kisha huyapanga matofali mabichi na kuyafunika kwa nyasi yasipasuke juani. Yakikauka hujengwa tanuri, na moto huwashwa chini yake. Mashimo yanayobaki hujaa maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu, jambo lililowaleta watafiti wa malaria wa kituo cha icipe hadi vijiji hivyo. Kazi inayomjengea mtu nyumba na papo hapo kumletea homa mlangoni ni kisa kinachotosha mfululizo mzima wa tamthilia. Kinasubiri mwandishi wa kukisimulia.

Wajaluo nao wana namna yao ya kuwasawiri wengine, hasa majirani wa milimani. Kisa maarufu kuliko vyote katika uwanda wa Kano ni cha Lwanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe na mikuki ya Walang'o, yaani Wanandi na Wakipsigis, ilishindwa kumchoma. Maadui wakampa binti yao awe mke wake. Siku alipougua, alimwambia mke huyo achanje kivuli chake na kukipaka dawa. Mke akaona damu, akatoroka usiku, akawaeleza watu wake. Katika vita vilivyofuata, mkuki ulilenga kivuli, na shujaa akageuka mwamba. Kisa hiki kimesimuliwa madarasani na kuingia jukwaani. Okoiti Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, alikichapisha kama tamthilia mwaka 1991.

Ni kisa kitamu, nacho kinastahili kuishi. Lakini katika usimulizi wa kawaida watu wa milimani wanatokea wakiwa kundi moja la wajanja wenye mikuki, na yule binti mara nyingi hana hata jina. Hatuambiwi kama alilia aliposindikizwa kwa adui wa baba yake, wala kama alimpenda mtu aliyemsaliti.

Watu wa milima hiyo nao walisawiriwa na mtu wa mbali zaidi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, na kurekodi wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Waliimba juu ya Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko. Maelezo ya Tracey yaliwaambia wasikilizaji wa Ulaya na Marekani kwamba wasichana hao walimwona mwimbaji huyo kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Rekodi ikapendwa duniani, na simulizi hiyo ikatembea nayo kana kwamba wanakijiji walikuwa washamba wanaoabudu gramafoni. Katikati ya miaka ya 2010, maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey nchini Afrika Kusini ilishirikiana na wenzao wa Kenya kurudisha nakala za rekodi hizo kwa jamii zilizoimba. Wazee wakasikia tena sauti za ujana wao, safari hii pakiwa na mtu wa kuwauliza wao wenyewe walimaanisha nini.

Hatua hiyo ya kurudi na kuuliza ndiyo inayokosekana katika burudani zetu. Haigharimu sana. Soko la Sondu liko juu kidogo ya Katito, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, na siku ya soko Dholuo, Kikipsigis na Kiswahili husikika kwenye meza moja ya ndizi. Mpaka huohuo umeshuhudia mapigano na vifo mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2023. Vichekesho havikuyazua mapigano hayo. Lakini jamii mbili zinazojuana kwa lafudhi na mikuki pekee zinakuwa na machache ya kukumbushana hasira inapopanda.

Vyombo vya kuifanya kazi hii vipo. Kuna redio na runinga za lugha za nyumbani, kuna vijana wa Kisumu na Kericho wanaopiga picha kwa simu na kurusha vichekesho mtandaoni bila kuomba ruhusa ya mhariri wa Nairobi. Atakayeamua kumleta Lwanda Magere kwenye skrini ana mahali pa kuanzia: ampe yule binti jina na wazazi, amtafute mwigizaji wa Kikipsigis wa kumcheza, aandike mazungumzo yake pamoja na akina mama wa Kericho, kisha filamu ioneshwe kwanza Sondu, mbele ya watu wa pande zote mbili.