Saa ya babu: Mashine ina namba, ganda lina jina

Desemba mwaka wa 1909, garimoshi lilimfikisha Kisumu mgeni mnene, mwenye miwani na masharubu. Alikuwa Theodore Roosevelt, aliyeacha urais wa Marekani mwezi Machi mwaka huo huo akaja kuwinda Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit. Hakukaa sana. Alipanda meli akavuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, na Machi iliyofuata alikuwa Khartoum.

Roosevelt alikuwa na saa ya mfukoni aina ya Waltham, aliyopewa mwaka wa 1898 na dada yake Corinne na shemeji yake Douglas Robinson. Idara inayosimamia mbuga za taifa za Marekani inasema saa hiyo ilisafiri naye Cuba, Afrika na hata msitu wa Amazon. Msomaji asidhani ilikuwa saa ya kifalme. Ilikuwa mashine ya kawaida ya vito 17, ndani ya ganda la fedha lenye kifuniko.

Mwaka wa 1987 saa hiyo iliibwa katika jumba la ukumbusho mjini Buffalo. Haikuonekana tena hadi 2023, ilipofikishwa kwa mwendesha mnada mmoja huko Florida. Ndani ya ganda mlikuwa na maandishi: jina la Theodore Roosevelt na herufi za waliompa zawadi, D.R. na C.R.R. Uchunguzi ukafanywa, FBI wakaingia kazini, na tarehe 27 Juni 2024 saa ikarudi Sagamore Hill, New York, nyumba aliyokuwa akiishi mwenyewe.

Je, lau mwizi angalitoa mashine na kumuuzia sonara ganda lile la fedha? Kiwandani Waltham mashine za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi. Namba yake ingalibaki, lakini nani angalishtuka kuiona?

Hapa ndipo kisa hiki kinapotuhusu sisi wa pande za ziwa. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, wakati kituo kikiitwa Port Florence. Wamisionari wa Friends kutoka Marekani walipitia hapo mwaka wa 1902 wakielekea Kaimosi, na Waadventista wakaanzisha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906. Reli, meli, shule na kanisa, vyote viliendeshwa kwa saa. Kwa hivyo si ajabu kukuta saa ya mfukoni imefungwa kitambaani chini ya sanduku la nyanya. Aghalabu huwa imesimama. Mara nyingine hata ganda haina.

Kukosa ganda kuna sababu. Katika siku za saa hizo, viwanda vya Marekani viliuza mashine peke yake, na mteja akajichagulia dukani ganda la dhahabu, la fedha au la nikeli kwa kadiri ya mfuko wake. Bei ya dhahabu ilipopandishwa mwaka wa 1934, na ilipopaa tena mwaka wa 1980, maganda mengi yaliyeyushwa na mashine zikaachwa uchi. La kuchekesha ni kwamba ganda la nikeli, lililodharauliwa, mara nyingi ndilo lililonusurika. Hakuna aliyelitamani.

Mashine iliyoachwa uchi inaweza kuvishwa tena. Viwanda vya Marekani vilifuata vipimo vilivyokubaliwa: saizi 16 ni kama milimita 43 upana wa mashine, saizi 18 ni kama milimita 45. Fundi akipata ganda la saizi ile ile, kutoka kwa saa ambayo mashine yake imekufa kabisa, kazi imekaribia nusu. Lakini asikimbilie kufungua skrubu. Kwanza ailegeze kamani, yaani ile springi kuu, polepole. Akiitoa mashine ingali imejazwa, magurudumu yanaweza kuzunguka kwa fujo na ncha zake nyembamba kuvunjika. Kisha aisafishe, aondoe kutu (na unyevu wa ziwa huleta kutu kweli kweli), atie matone madogo ya mafuta ya saa. Mafuta ya cherehani yaachiwe cherehani.

Kuna mtego mwingine. Saa ya ganda lenye kifuniko hujazwa kwa kifundo kilicho upande wa 3. Ile ya uso wazi, upande wa 12. Ukiweka mashine ya kwanza katika ganda la pili, uso mzima utalala ubavu, na 12 itakaa kando. Sisi ambao mshale ukiwa juu ya 12 tunasema saa sita tumekwisha kuzoea hesabu za aina hiyo, lakini hata kwetu saa ya hivyo inachosha macho.

Tena ganda halisahau. Skrubu zinazoshika mashine huacha alama kwenye ukingo wake wa ndani. Ukiona alama mahali pasipo na skrubu, jua ganda hilo limewahi kukaliwa na mashine nyingine. Si dhambi, mradi muuzaji asikuambie kwamba vyote viwili vimetoka pamoja.

Ninaloliogopa zaidi ni king'arisho. Fundi mwenye nia njema anaweza kusugua ganda la fedha hadi ling'ae kama sahani mpya, na jina la babu likaondoka na vumbi. Kabla hujampelekea, mwombe afungue mfuniko wa nyuma mbele yako. Nakili namba iliyo kwenye mashine na kila herufi iliyo kwenye ganda, hata mikwaruzo midogo, maana mafundi wa zamani walizoea kuchora alama zao humo kila walipoitengeneza saa. Na ikiwa ganda limepasuka lisiweze kutumika tena, lipe mashine ganda jingine, lakini lile bovu lirudi nawe nyumbani. Sonara akikutajia bei yake, mwambie haliuzwi.