Kutoka Mbagala na Tegeta hadi Posta: bei halisi ya kuona makumbusho

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Temeke ilikuwa na watu 1,346,674, yaani robo ya mkoa, na Kinondoni 982,328, sawa na asilimia 18.2. Makumbusho ya Taifa ina vituo viwili mkoani humu: Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, iliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, Ilala, na Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, Kinondoni. Temeke haina hata kimoja.

Serikali imehamia Dodoma, lakini kumbukumbu nyingi za taifa zimebaki Dar es Salaam. Jengo la Mtaa wa Shaaban Robert lilifunguliwa mwaka 1940. Humo kuna historia ya Zinjanthropus, fuvu alilogundua Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kuna pia kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani la Agosti 7, 1998. Mtoto wa Mbagala ana haki ya kuviona sawa na mtoto wa Upanga. Swali ni familia yake italipa kiasi gani.

Katika hesabu hii, gharama kamili ni jumla ya nauli, kiingilio na chakula cha mchana. Familia ni ya watu watano: wazazi wawili na watoto watatu wanaosoma. Nauli ni za daladala kwa viwango vya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) vya Desemba 2023: shilingi 600 hadi kilomita 10, 700 hadi kilomita 15, 800 hadi kilomita 20 na 900 hadi kilomita 25. Kiingilio na chakula ni makadirio yangu: mtu mzima 3,000, mtoto 1,000, na chakula pamoja na maji 3,000 kwa kila mmoja. Mwenye bei nyingine aziweke mahali pa hizi, kanuni ni ileile.

Tuanze na Mbagala, wilayani Temeke, hadi Posta, eneo la makumbusho ya Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa nauli ya 700, watu watano kwenda na kurudi ni shilingi 7,000. Kiingilio ni 9,000 na chakula 15,000. Gharama kamili ni 31,000. Chakula kinachukua asilimia 48.4, kiingilio asilimia 29 na nauli asilimia 22.6.

Nauli hiyo ina dhana ya kuhojiwa. Mwanafunzi hulipa 200, na kwa kiwango hicho familia ingetumia 4,000 badala ya 7,000. Lakini safari ya familia huwa Jumamosi au Jumapili, watoto hawajavaa sare, na kondakta anaweza kudai nauli ya mtu mzima. Tofauti ya 3,000 inategemea sare na maelewano mlangoni mwa gari. Nimehesabu nauli kamili ili msomaji asije akapungukiwa njiani.

Kutoka Tegeta, wilayani Kinondoni, hadi Posta ni kama kilomita 24. Kwa gari la moja kwa moja nauli ni 900, na familia italipa 9,000 kwenda na kurudi. Ikilikosa, itaunganisha kwenye kituo cha daladala cha Makumbusho: 800, kisha 600. Hiyo ni 1,400 kwa mtu kwa njia moja, na 14,000 kwa familia. Umbali ni uleule, lakini nauli imepanda kwa asilimia 56, kwa kuwa kila gari jipya huanza kuhesabu kilomita upya.

Kuunganisha kuna faida moja. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kipo jirani na kituo hicho cha daladala. Familia ya Tegeta ikienda Kijijini siku moja itatumia 32,000. Ikienda Posta siku nyingine kwa kuunganisha, 38,000. Jumla ni 70,000. Ikiona vyote viwili kwa siku moja, nauli ni 14,000, viingilio 18,000 na chakula 15,000, yaani 47,000. Inaokoa 23,000, karibu theluthi moja.

Mara nyingi hupendekezwa kiingilio kifutwe. Kwa familia ya Mbagala, kukifuta kunashusha gharama kutoka 31,000 hadi 22,000. Kubeba chakula cha nyumbani cha 5,000 kunaishusha hadi 21,000. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 na Mnara wa Mwenge wa Uhuru pale Mnazi Mmoja havina tiketi, lakini kuvifikia kutoka Mbagala bado ni 7,000.

Sasa tuiweke 31,000 karibu na mishahara. Kima cha chini cha sekta ya biashara na viwanda kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Kwa siku 26 za kazi ni 5,769 kwa siku, hivyo ziara ni ujira wa siku tano na zaidi. Kwa mtumishi wa umma wa kima cha chini cha 500,000, kilichotangazwa Mei 2025, ni siku 1.6. Hesabu hii haijaingiza kipato kinachopotea: mama lishe anayefunga biashara Jumamosi akakosa faida ya 10,000 amelipa 41,000.

Kuna pia suala la ukubwa. Kila mkazi wa Temeke akitembelea makumbusho mara moja tu kwa miaka kumi, hao ni watu 134,667 kwa mwaka, au 369 kila siku bila kupumzika. Ni vigumu kuwasafirisha wote hao hadi Posta kwa nauli za mifukoni mwao. Ni rahisi zaidi kupeleka maonyesho ya kuzunguka kwenye shule za Mbagala, Chamazi na Tandika.

Kwa ziara ya kituo kimoja, tiketi ni chini ya theluthi ya gharama, kwa hiyo punguzo la tiketi peke yake halitoshi. Wenye mamlaka wapunguze umbali. Nawe mzazi, usisubiri: beba chakula, unganisha vituo viwili kwa siku moja, na wapeleke watoto.