Fizi Zinazotoka Damu na Matibabu Yake
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Fungueni madaftari. Somo letu la leo ni fizi, yaani nyama inayoshika meno.

Watu wengi wakiona damu kwenye mswaki husema, "Mswaki waniumiza, afadhali niuache." Hapo ndipo ubaya unapozidi. Sikilizeni sababu yake.

Kila siku utando laini hushika meno. Huo ni ukoga, na ndani yake mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Usipouondoa, vijidudu huchokoza fizi, nazo huwa nyekundu, huvimba na kutoka damu. Ukikaa siku kadhaa, ukoga huwa mgumu kama jiwe. Huo sasa ni ugaga, wala mswaki hauwezi kuuondoa. Baadaye vijidudu hushuka chini ya ufizi, na mfupa unaoshika jino huliwa kidogo kidogo. Ni kama mti wa ukingoni mwa mto: udongo ukimomonyoka, mti mzima huanguka. Ndivyo jino lisilo na tundu hata moja linavyolegea na kung'oka.

Je, matibabu yake ni nini? Yako ya namna nne, kwa kadiri ya ugonjwa.

Kwanza, usafi wa nyumbani. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Sugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi, nje na ndani. Kijiti cha mswaki pia chafaa ukikitumia vizuri. Ugonjwa ukiwa bado mchanga, damu hukoma na fizi hupona kabisa. Kusukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi hupunguza maumivu, lakini hakuondoi ugaga.

Pili, kukwanguliwa ugaga. Kazi hii hufanywa na daktari au tabibu wa meno, juu ya ufizi na chini yake. Wengine husema kukwanguliwa hulegeza meno. Si kweli. Jino lililokwisha kulegea lilikuwa limeshikwa na ugaga; ukitoka, ulegevu huonekana. Siku chache maji ya baridi yatachoma, hasa baridi yetu ya mwezi wa Juni, kisha fizi hukaza.

Tatu, dawa. Daktari aweza kukupa dawa ya kusukutua kwa muda mfupi, au vidonge vya kuua vijidudu kama kuna haja. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Vidonge peke yake haviondoi ugaga.

Nne, upasuaji mdogo wa kufungua ufizi na kusafisha mizizi, au kung'oa jino lisiloweza kuokolewa. Mfupa ukishaliwa, kwa kawaida haurudi wenyewe. Kwa hiyo anayewahi hubaki na meno yake, na anayechelewa huishia kwenye koleo.

Tumbaku huchelewesha kupona, tena huificha damu, mtu akadhani ni mzima. Mwenye kisukari hana budi kuitibu sukari pamoja na fizi. Mama mjamzito fizi zake hutoka damu upesi, asiogope kutibiwa. Fizi zikioza ghafula kwa maumivu na harufu kali, nenda hospitali na upimwe afya yote, pamoja na virusi vya UKIMWI. Mtoto dhaifu akipata kidonda cha ufizi na shavu likaanza kuvimba, mpelekeni siku hiyo hiyo. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso, nao huweza kuua.

Wazee wetu watakumbuka mwaka 1973, vikundi vya "Mtu ni Afya" viliposikiliza redio kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo. Basi nasi tusiishie kusikiliza. Leo jioni chukua kioo, utazame fizi zako na za watoto. Ukiona damu au ugaga, uliza zahanati yenu ni hospitali gani, Makambako au Njombe, yenye tabibu wa meno siku hiyo, usije ukapoteza nauli bure.

Maswali ya kujadiliana
1. Ukoga na ugaga vina tofauti gani?
2. Kwa nini si vema kuacha mswaki fizi zikitoka damu?
3. Kwa nini vidonge peke yake havitoshi?
4. Nani hapa darasani atauliza zahanati, na lini?

Kwaherini, hata somo lijalo.