Laptopu nyembamba: Kila milimita ina gharama yake Gombani

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MNUNUZI wa kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita, siku hizi huvutiwa kwanza na wembamba wake. Huishika kwa vidole viwili, huipima uzito mkononi, kisha huuliza bei. Swali la iwapo mashine hiyo inafunguka, na iwapo betri yake itapatikana baada ya miaka mitatu, huja baadaye sana, mara nyingi ikiwa imekwisha haribika.

Kwa mkazi wa Gombani, nje kidogo ya katikati ya mji wa Chake Chake, mpangilio huo wa maswali una hasara kubwa kuliko kwa mkazi wa Dar es Salaam. Laptopu ambayo fundi wa karibu hana kifaa cha kuifungulia wala kipuri cha kuitia italazimika kupanda boti katika bandari ya Mkoani kwenda Unguja au Bara, na mwenyewe abaki akisubiri. Kwa mwalimu au mwanafunzi aliyedunduliza fedha mwaka mzima kuinunua, huko kusubiri ni kazi iliyosimama.

Mashindano ya wembamba yalipata sura yake ya sasa tarehe 15 Januari 2008 mjini San Francisco, Marekani, pale Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipoichomoa laptopu ya MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya kaki, ya aina ile ile inayobeba barua katika ofisi za Serikali. Ilikuwa na unene wa sentimita 1.94 mahali palipo panene kabisa, uzito wa kilo 1.36 na bei ya dola 1,799.

Ili iingie katika bahasha, ilibidi mengi yaachwe nje. Haikuwa na sehemu ya kusomea CD wala tundu la waya wa mtandao, na tundu la USB lilikuwa moja tu. Diski yake ilikuwa ya aina ndogo iliyotumika katika vifaa vya kusikilizia muziki, ambayo ilikuwa ya polepole. Kampuni ya Intel ililazimika kuipunguza umbo prosesa yake ili itoshe. Kumbukumbu yake, yaani RAM, ilichomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na betri ikafungiwa ndani ili mtumiaji asiweze kuibadilisha mwenyewe.

Wakosoaji wa wakati ule walipiga kelele zaidi kuhusu CD, jambo ambalo leo halimkoseshi mtu usingizi. Hoja ya kumbukumbu na betri ndiyo iliyostahili kelele hizo, kwa kuwa mtindo huo uliigwa na watengenezaji wengi waliofuata.

Sababu yao si uchoyo mtupu. Kumbukumbu inayochomolewa huhitaji kishikizo chake, na kishikizo kina kimo. Betri ya kuchomoa huhitaji ganda lake gumu, lachi na ukuta wa kuitenga na vifaa vingine. Ganda hilo likiondolewa, mtengenezaji hupata nafasi ya kuweka betri kubwa zaidi ndani ya umbo lile lile, na mteja hupata saa za ziada za kufanya kazi. Gharama huonekana siku betri inapochoka. Betri ya lithiamu huzeeka haraka zaidi inapokaa kwenye joto huku ikiwa imejaa chaji, na wakati mwingine huvimba. Katika mashine nyembamba isiyo na nafasi ya ziada, uvimbe huo husukuma kibodi au kioo.

Suala la joto ndilo linalopaswa kumshughulisha zaidi mtu wa Pemba. Prosesa hugeuza karibu umeme wote inaoutumia kuwa joto, na joto hilo ni lazima litoke nje. Kadiri tofauti ya joto kati ya mashine na hewa ya chumba inavyokuwa kubwa, ndivyo linavyotoka kwa wepesi. Chukua mfano wa laptopu ambayo ganda lake haliruhusiwi kupita nyuzi joto 45. Katika ofisi yenye nyuzi 20 tofauti ni 25. Katika chumba kisicho na kiyoyozi hapa Gombani, hewa ikiwa nyuzi 30, tofauti inabaki 15. Kwa hesabu hiyo ya juu juu, mashine ile ile imepoteza sehemu mbili kwa tano ya uwezo wake wa kujipoza kabla haijaanza kazi.

Laptopu nene hupambana na hali hiyo kwa feni kubwa na vipande vizito vya shaba. Nyembamba haina pa kuviweka, hivyo hujiokoa kwa kupunguza kasi ya prosesa. Ndiyo maana mashine inayosifiwa katika majaribio ya Ulaya inaweza kukokota miguu mchana wa Januari katika kisiwa hiki, bila kuwa na kasoro yoyote ya kiwandani.

Hata hivyo, feni nayo si rafiki wa pwani. Huvuta ndani vumbi na hewa yenye unyevu na chumvi ya bahari, na vitu hivyo hutua juu ya ubao. Mashine isiyo na feni huepuka sehemu kubwa ya balaa hilo.

Apple ilikwenda mbali zaidi mwaka 2015 kwa laptopu ndogo yenye unene wa milimita 13.1 na uzito wa gramu 920, isiyo na feni. Ilikuwa na tundu moja la USB-C, lililotumika kuchajia na kuunganishia kila kitu. Ili kuokoa sehemu za milimita, kibodi yake ilitengenezwa kwa vitufe vifupi mno, na punje moja ya vumbi ilitosha kukifanya kitufe kigome au kiandike herufi mara mbili. Kibodi ya namna hiyo iliingizwa pia katika laptopu kubwa za kampuni hiyo. Mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bure, kuanzia mwishoni mwa 2019 ikarejea kwenye vitufe virefu zaidi, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani. Ni fedha nyingi kwa unene ambao jicho haliuoni.

Matundu ya pembeni nayo yana kisa chake. Mwandishi wa michezo anayeripoti mechi kutoka jukwaa la Uwanja wa Gombani, ambako fainali ya Kombe la Mapinduzi ilichezwa Januari 2025, anahitaji kusoma kadi ya kamera, kuchomeka flashi na kuchaji, pengine vyote kwa wakati mmoja. Mtoa mada ukumbini anahitaji kuunganisha projekta. Mwenye tundu moja hulazimika kutembea na adapta mfukoni, na adapta ikisahaulika nyumbani, wembamba wa mashine haumsaidii kitu. Watengenezaji wenyewe walilitambua hilo: MacBook Pro za Oktoba 2021 zilirudishiwa tundu la HDMI na la kadi ya kamera, zikawa nzito kuliko zilizotangulia.

Upande mmoja ambao wembamba umeleta faida ya kweli ni matumizi ya umeme. Pemba ilitegemea jenereta za dizeli hadi mwaka 2010, ilipounganishwa na gridi ya taifa kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Umeme unapokatika, kompyuta ya mezani huzimika papo hapo na kazi isiyohifadhiwa hupotea, wakati laptopu huendelea kwa betri yake.

Kwa kuwa mashine nyembamba haiwezi kubeba joto jingi, wabunifu walisukumwa kutafuta prosesa zinazokula umeme kidogo. MacBook Air ya Novemba 2020 yenye prosesa ya M1, isiyo na feni, ilitangazwa kudumu hadi saa 15 za kuvinjari intaneti, ilhali iliyoitangulia ilitangazwa kuwa na saa 11. Saa hizo nne hazikuletwa na betri kubwa zaidi, bali na ulaji mdogo wa umeme.

Wala si kweli kwamba laptopu ni lazima iwe tofali ndiyo ifunguke. Kampuni ya Framework ya Marekani ilitoa mwaka 2021 mashine yenye unene wa milimita 15.85, ambayo mtumiaji hubadilisha kumbukumbu, betri, kioo na hata matundu ya pembeni kwa bisibisi moja. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, yenye unene wa karibu milimita 20, ina betri mbili, moja ikichomolewa bila kufungua skrubu hata moja. Anayenunua mashine iliyotumika angefanya vyema kumwomba muuzaji aifungue ganda la chini mbele yake, aone kama kumbukumbu na diski zinachomoka na kama betri haijavimba.

Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni inayotaka, kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vingi vya kubebeka zinazouzwa katika soko lake ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa vifaa vya kawaida. Pemba haimo katika soko hilo, lakini laptopu zilizotumika Ulaya ni miongoni mwa zinazouzwa Afrika Mashariki, na za kizazi hicho zitaanza kufika miaka kadhaa baada ya hapo.